Dobi, mdogo wake na jezi iliyorudi bila jasho

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili, na dobi amekwisha kuufungua mfuko. Ni mfuko wa turubai wa bluu, zipu yake imekufa siku nyingi, mdomo umefungwa kwa kamba ya kiatu. Anaumwaga juu ya saruji ya ua, anachuchumaa, anaanza kuzitenga jezi moja moja kama mtu anayechambua mchele.

Namba nne anainyanyua kwa vidole viwili. Imelowa ikakauka, ikalowa tena. Mgongoni chumvi imeacha mistari myeupe. "Huyu hakupumzika kabisa," anasema. Namba saba ina jasho kifuani tu, basi aliingia mwishoni akakimbia sana kwa muda mfupi. Namba kumi na moja ina alama ya kiatu begani. Alianguka, akakanyagwa, akaendelea.

Dobi hakuwepo kwenye mechi ya kikapu ya jana. Hajui hata nani alishinda. Lakini mpaka afike jezi ya kumi na mbili anaweza kukuambia nani alikaa benchi, nani alitolewa kwa uchovu na nani alirudishwa kwa lazima, na ukimuuliza yeyote aliyekuwepo ukumbini atakuambia dobi hatii chumvi.

Jezi namba tisa anaiacha ya mwisho. Anaigeuza, anainusa kidogo karibu na shingo, anaitia kwenye beseni pamoja na zingine. Siku hizi inavaliwa na binti mwingine, ambaye dobi hamjui hata kwa sura.

Kwa misimu mitatu jezi hiyo ilikuwa ya mdogo wake, na kwa misimu hiyo mitatu dobi huyu hakuwa na adui duniani isipokuwa kocha.

Ana miaka arobaini na minne. Kazi ya udobi aliianza akiwa na kumi na tisa, akibebea watu nguo na kuchota maji, mpaka mzee aliyekuwa na ua huu alipostaafu akamwachia nyaya saba za kuanikia, mabeseni mawili ya saruji na pasi ya mkaa ambayo bado inatumika umeme ukikatika. Kwa wiki anafua mashuka mia moja na arobaini ya nyumba ya wageni, makoti ya zahanati, na nguo za watu binafsi kadiri zinavyokuja.

Sabuni imemla vidole. Mwaka juzi alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilikataa kidole gumba, ikakataa cha shahada, ikakataa vyote kumi. Yule kijana wa dukani alimwomba apanguse mikono. Dobi alimwambia mikono yake imepanguswa kwa miaka ishirini na mitatu, ndiyo maana.

Jezi za klabu ya mpira wa kikapu ya wanawake ndizo zinazomlipa kidogo kuliko zote. Malipo ya mwezi mzima ni sawa na mashuka ya siku mbili. Mkewe, ambaye ndiye mpiga pasi wa pale uani, amekwisha kumshauri mara kadhaa aiache kazi hiyo. Yeye husema hawezi.

"Ile siifanyi kwa ajili ya tumbo," anasema. "Klabu hii naishabikia tangu inacheza kwenye saruji, mvua ikinyesha mechi inakufa."

Ukumbi uko mitaa mitatu kutoka uani kwake. Huko ndiko alikokuwa anampeleka mdogo wake baada ya mama yao kufariki. Baba alikuwa ametangulia. Dobi alikuwa na miaka ishirini na minne, binti ana sita, na aliletwa na jirani akiwa na begi moja na kandambili zote mbili za mguu wa kushoto. Usiku wa kwanza alilala juu ya rundo la mashuka safi ya nyumba ya wageni, na asubuhi dobi akayafua upya bila kumwambia mwenye mashuka.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na nywele zimesimama kichwani. Watu wa mtaani wakamwita Njiti, kwa kuwa alifanana na njiti ya kiberiti, na jina likamganda.

Njiti alijifunza kudunda mpira kwenye ua wa kufulia, akikwepa mabeseni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili klabu ilipomchukua. Siku aliyopewa jezi namba tisa, dobi aliifua kabla haijavaliwa, akaipiga pasi, akaitundika mlangoni ili kila mteja aione. "Sikuwa na akili siku ile," anakumbuka. "Mteja akija kuchukua suruali yake, namwonyesha jezi kwanza."

Kisha msimu ukaanza, na Njiti akakaa benchi.

Kocha wa timu ile ni mwanamke aliyepita arobaini, naye alikuwa mchezaji zamani, mtu wa sauti ya chini na maneno ya kuhesabika. Ana wachezaji kumi na wawili na anatumia wanane. Wanane hao huwazungusha kwa mpango anaoujua mwenyewe: watano wa kuanza, mmoja wa kupumzisha walinzi, wawili wa kupumzisha warefu. Wanne waliobaki huvaa, hupasha misuli moto, hupiga makofi, huwapokea wenzao kwa taulo, hurudi nyumbani.

Dobi alikuwa na kiti chake, safu ya pili, nyuma kidogo ya benchi la nyumbani. Mechi za kwanza alijikaza kisabuni. Alijiambia mgeni ni lazima asubiri. Msimu wa kwanza ukaisha, Njiti ameingia mara moja, dakika mbili, timu ikiwa inaongoza kwa pointi thelathini.

Msimu wa pili uzalendo ukamshinda.

Alianza kupiga kelele. Hakuwa akitukana, hilo hata kocha analithibitisha. Alikuwa akisema jambo moja tu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja ng'ambo ya barabara: "Mwalimu, benchi lina watu." Jukwaa zima likalidaka. Timu ikizidiwa, unasikia upande mmoja ukianza na upande wa pili ukijibu, mwalimu, benchi lina watu. Wengine walimcheka. Walisema mwacheni aseme, katika ukumbi huu yeye ndiye mtaalamu wa pasi.

Hasira yake haikuwa ya udugu peke yake. Msimu ule timu ilipoteza mechi sita katika robo ya mwisho. Kwa robo tatu wanaongoza, robo ya nne hawafui dafu. Dobi alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa kwenye beseni.

"Jezi ya namba nne ilikuwa inakamulika kabla sijaitia maji," anasema. "Namba sita vilevile. Hawa watu wamekufa wamesimama, na nyuma yao wamekaa wanne wakavu kama walivyotoka nyumbani. Mimi nafua zote. Naona."

Akaanza kuandika. Kocha naye alikuwa akileta suti yake ya mazoezi kufuliwa, na kila Jumatano ilipokuwa inarudi, mfukoni ilikuwa na kikaratasi. *Mwalimu, namba nne amechoka, mpe hata dakika tatu akae. Mwalimu, namba tisa ana miguu mipya.* Wiki iliyofuata suti ilikuja tena na kikaratasi kilekile mfukoni, kimekunjwa mara nne, bila neno la nyongeza. Dobi alikiweka kwenye kopo la vibanio, akaandika kingine.

Mkewe alikuwa akimtazama tu. Jioni moja, baada ya mechi ambayo dobi alirudi sauti imemkauka, alimuuliza bila kuacha kupiga pasi: "Wewe unamshangilia huyu mtoto au unamkaba?"

Dobi anasema alikasirika, akaenda kulala bila kula.

Mechi za ugenini hakuwa anakwenda. Ni safari ya siku nzima na mashuka hayasubiri. Njiti ndiye aliyekuwa akimpigia simu baada ya mechi. Kwa muda mrefu simu hizo zilikuwa fupi: tumefungwa, tumeshinda, niko salama, nisalimie wifi. Kisha siku moja, katikati ya msimu wa tatu, alipiga akasema ameingia. Dakika sita. Amefunga kikapu kimoja na kutoa pasi mbili nzuri.

Asubuhi yake mfuko wa bluu ukaja. Dobi alikwenda moja kwa moja kwenye namba tisa. Ilikuwa imelowa.

Hapa dobi anageukia waya. Anakamua jezi aliyoshika, anaikung'uta, anaitundika, anapachika vibanio viwili, halafu cha tatu ambacho hakihitajiki.

Anasema jasho lina njia zake. Linaanzia shingoni na makwapani, linashuka katikati ya mgongo, linaacha mbavu. Likikauka linaacha chumvi. Lina harufu ambayo kwa kila mtu ni tofauti kidogo. Jezi ile ilikuwa imelowa kila mahali sawasawa, mpaka kwenye pindo la chini. Haikuwa na chumvi. Ilinuka maji ya bomba.

"Pua ilijua palepale," anasema. "Moyo ndio ulikataa."

Akaifua kama zingine. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo hajui kulieleza. Alitoka akamwambia mlinzi wa geti la ukumbi kwamba Njiti ameingia dakika sita. Akamwambia muuza magazeti. Akawaambia wateja. Wiki mbili baadaye simu ikaja tena, dakika nne, na jezi ikaja tena imelowa mpaka pindoni, na dobi akaeneza habari tena. Mara ya tatu mlinzi wa geti, ambaye safari hiyo alikuwa ameambatana na timu, alimshika mkono akampeleka pembeni.

Alimwambia kwa upole kwamba binti hakuinuka kwenye benchi, labda kama alipokwenda chooni mapumzikoni.

Dobi alimwambia mlinzi asante. Siku mbili baadaye alipanga jezi kwenye mfuko, akazibeba mwenyewe mpaka ukumbini badala ya kumngoja dereva wa klabu.

Ilikuwa mchana, ukumbi mtupu, viti vimeinamishwa. Kocha alikuwa peke yake amekaa sakafuni anajaza mipira upepo. Dobi alimsalimia, akaweka mfuko chini, akasema amekuja kuuliza, hakuja kugombana.

"Uliza."

"Namba tisa ana kasoro gani?"

Kocha alimaliza mpira aliokuwa nao kwanza. Akasema kasoro ndogo ndogo kila mtu anazo, mkono wa kushoto wa Njiti bado mzito. Kwake ni mchezaji wa tisa kati ya kumi na wawili, na wa tisa hayuko mbali na wa nane. Akachukua mpira mwingine. Kisha akasema lile ambalo dobi analirudia neno kwa neno.

"Nimemwingiza mara nne hapa nyumbani katika misimu hii. Mara zote nne, mpira wa kwanza ukimfika mkononi anatazama jukwaani, safu ya pili, ndipo anatazama kikapu. Kwenye mazoezi hatazami popote."

Dobi akauliza kama maana yake ni yeye.

"Sijasema ni wewe," kocha alijibu. "Nimesema anakotazama."

Aliuliza basi kwa nini asimwingize ugenini, ambako yeye hayupo. Kocha akasema ugenini hamjaribu mtu; mtu anajaribiwa nyumbani, akishika ndipo anachukuliwa mbali. Dobi alipogeuka aondoke, kocha alimwambia kwamba vile vikaratasi alivisoma vyote, na kuhusu namba nne alikuwa na haki, ndiyo maana tangu mwezi uliopita anampumzisha mwanzoni mwa robo ya nne.

"Nilitaka nifurahi," dobi anasema. "Nilikuwa nimesubiri mtu aniambie nina haki miaka mitatu. Nilifika nyumbani nikakumbuka hata mfuko wa nguo chafu sikuuchukua."

Hakumwambia mdogo wake lolote. Alimwambia mkewe tu, na mkewe hakusema nilikuambia. Mechi ya nyumbani iliyofuata, mshabiki ambaye hakuwa amekosa mchezo tangu ukumbi uezekwe alibaki uani akifua. Njiti alipouliza, alisema nyumba ya wageni imeongeza vyumba. Mechi ya pili alisema vivyo hivyo. Kutoka pale uani filimbi ya refa husikika upepo ukiwa wa upande huo, hivyo alifungulia bomba mpaka mwisho.

Mechi ya tatu, namba nne alitegua kifundo cha mguu katika robo ya pili. Kocha alitazama benchi lake, akamwita Njiti.

Dobi alihadithiwa na mlinzi wa geti, aliyekimbia mitaa mitatu akiwa na sare yake na rungu mkononi, mpaka watu wakadhani kuna mwizi. Njiti alicheza dakika kumi na moja. Alifunga pointi nane. Aliwanyang'anya wapinzani mpira mara nne, na mara ya mwisho zikiwa zimebaki sekunde ishirini, timu ikashinda kwa pointi tatu. Jukwaa lilisimama. Mlinzi alimwonyesha kwa rungu jinsi alivyopinduka na kurusha kwa mkono ule ule wa kushoto uliosemwa ni mzito.

"Nikamwambia asante," dobi anasema. "Kisha nikaendelea kusuuza shuka lilelile mpaka mke wangu akaja akanifungia bomba."

Jumapili jezi ilikuja na jasho lake, shingoni, makwapani, katikati ya mgongo, na chumvi yake nyeupe. Hakuifua siku ile. Wala Jumatatu asubuhi.

Jumatatu mchana Njiti mwenyewe alikuja. Wakati huo alikuwa akiishi kwenye chumba cha kupanga karibu na ukumbi, na kwa kawaida alikuwa akiingia uani kama upepo, akifunua sufuria kabla ya kusalimia. Siku hiyo alisalimia kwanza. Wifi yake alikuwa ameshika ncha mbili za shuka kubwa, na dobi ncha mbili, wanakunja. Wifi akampa Njiti zile ncha zake, akaingia ndani.

Kukunja shuka la namna ile ni kazi ya watu wawili. Mnavuta, mnakutanisha ncha, mnasogeleana, mmoja anapokea, mwingine anashika mkunjo wa chini, mnaachana tena. Walikunja mashuka matatu hivyo. Kwenye la nne Njiti akasema, "Siku niliyoingia nilitazama. Hukuwepo."

Dobi hakuweza kuirudia hadithi ya nyumba ya wageni. Alimwambia kila kitu: mlinzi, ukumbi mtupu, mwalimu na mipira yake, safu ya pili.

Njiti alisimama na shuka mkononi, hakusogea.

"Kwa hiyo mlikaa, wewe na mwalimu, mkanijadili kama shuka la mgeni."

Dobi alijaribu kusema alifanya kwa faida yake, na akaona uso wa Njiti ukizidi kukunjamana. Binti akaendelea kwa sauti ya chini: "Mimi nilidhani umechoka kunisubiri. Nilicheza vile kwa hasira, kaka. Nilitaka uje uambiwe na watu."

Dobi alibaki ameshika ncha zake. Akamwona Njiti akitazama ule waya zilikoanikwa jezi.

"Zile jezi za ugenini," Njiti akasema. "Nilikuwa naziloweka bombani."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ya kwanza."

Njiti alikaa kwenye ukingo wa beseni. Aliuliza, kama kaka alijua, kwa nini alikuwa anawatangazia watu barabarani. Kwa nini mlinzi, muuza magazeti, wateja. Kila akipita watu wanampongeza kwa dakika ambazo hakucheza, na yeye anaitikia, kwa sababu alidhani kaka ameamini, na hakutaka aumbuke.

Jibu la swali hilo dobi anasema amelitafuta mwaka mzima sasa na bado hajalipata.

Njiti alicheza mechi nne zilizobaki, dakika saba, dakika tisa, dakika kumi na mbili, dakika kumi. Kocha alikuwa amempa nafasi ya nane. Msimu ulipokwisha alimwita, akamwambia abaki. Njiti alishukuru, akasema anaondoka. Alikuwa amepata timu ndogo ya daraja la pili katika mji mwingine, mwendo wa saa tisa kwa basi, inayocheza kwenye saruji kama klabu hii ilivyokuwa ikicheza zamani. Malipo yake ni chumba na nauli ya mazoezi. Asubuhi anafundisha michezo shuleni.

Dobi alimfulia nguo zake zote, akazipiga pasi, akazipanga begini mwenyewe. Kituoni aliuliza kama timu hiyo ina mtu wa kuwafulia.

"Kila mtu anafua yake," Njiti alimjibu. "Huko nitafua jezi yangu mwenyewe."

Hakulisema kwa ubaya, dobi anasisitiza. Alilisema huku anamshika bega. Lakini dobi alirudi nalo nyumbani, na siku nyingi anaamka nalo.

Kwa simu, Njiti alikubali habari hii iandikwe, kwa sharti moja. "Msiandike kwamba kaka alinikosea," alisema. "Andikeni alichofanya, basi." Alipoulizwa kama anamkumbuka akiwa uwanjani, alisema kule hakuna jukwaa, kuna ukuta mfupi na watoto wamekaa juu yake. Akaongeza kwamba mwezi wa kwanza, mpira ukimfika, alikuwa bado anageuka.

Kocha naye hakuwa na mengi. Alisema kama angerudi nyuma, asingemwambia dobi; angemwambia mchezaji mwenyewe. Alisema pia kwamba tangu dobi aache kuja, jukwaa limepoa, na kuna mechi anatamani asikie mtu akimwambia benchi lina watu.

Dobi alijaribu kurudi mara moja. Kiti chake kilikuwa na mtu, akakaa juu kabisa, karibu na mlango. Timu ilikuwa inazidiwa, namba kumi na moja anavuta mguu, kocha hamtoi. Anasema maneno yalimpanda mpaka kooni. Akainuka akaenda zake kabla ya mapumziko. Siku hizi anaridhika na mfuko wa bluu.

Kila Jumapili ya pili Njiti hupiga simu. Wanaongea juu ya kodi ya chumba, mafua, bei ya sabuni. Mpira hawautaji. Dobi amejifunza kutouliza, na mkewe anasema hilo limemchukua muda zaidi kuliko kujifunza kufua hariri. Lakini wiki tatu zilizopita, simu ikiwa karibu kukatika, Njiti alisema bila kuulizwa kwamba Jumamosi alicheza mechi yote, mwanzo hadi mwisho, hakutolewa hata mara moja.

"Nikamwambia vizuri," dobi anasema. "Basi. Vizuri. Nilitaka kumuuliza kocha gani huyo anayemchezesha mtu dakika arobaini bila kumpumzisha. Nikameza."

Jua limekwisha kupanda juu ya ukuta wa ua. Jezi kumi na mbili zimejipanga kwenye waya, na mkewe ameanza kupasha pasi. Dobi anasema anataka kwenda kumwona. Amemwomba fundi cherehani wa jirani amsimamie ua kwa siku mbili, naye amekubali. Amekwisha kuulizia basi: linaondoka Ijumaa saa sita mchana, linarudi Jumapili.

Kilichobaki ni Njiti mwenyewe. Mwezi uliopita dobi alimuuliza kama anaweza kuja siku moja atazame. Njiti akasema, "Nitakuambia, kaka."

Hajamwambia bado.

"Nimemwelewa," anasema dobi, akiukunja mfuko wa bluu ulio mtupu. "Yeye alikaa miaka mitatu anangoja kuitwa, na hakununa. Mimi nina mwezi mmoja tu. Nitangoja. Akiniita nitakaa pale kwenye ukuta na wale watoto, na nimemwahidi mke wangu nitafunga mdomo."

Mkewe, kutoka mezani kwa pasi, anasema hilo atalisadiki siku atakayoliona. Naye ameomba kwenda.